Paka Ndugu Nyumba Moja: Usisubiri Waanze Kulia

Ukiwa na paka ndugu, dume na jike, usingoje wafikishe mwaka. Jike anaweza kuingia kwenye joto, yaani kuwa tayari kupandwa, akiwa na miezi 4 tu, angali kitoto, na kaka yake wa tumbo moja hatamwonea haya.

Mimi nafugia nyumba ya kupanga hapa Dar, sina banda wala ua. Vitoto vikikaribia miezi 4, dume analala chumbani, jike sebuleni, kila mmoja na bakuli lake na trei yake ya mchanga. Mchana nawabadilishia, asinune mtu. Mlango ni wa komeo, kwa sababu kitasa cha kubonyeza wanakirukia mpaka kifunguke. Pazia usilihesabu kabisa. Dirishani weka wavu wa waya. Ule laini wa mbu unachanwa kwa kucha, na madume ya mtaani hayahitaji mwaliko.

Jike mwenye joto analia usiku kucha, anajibiringisha sakafuni, ukimgusa mgongo anainua makalio na kusogeza mkia pembeni. Wengi hudhani tumbo linamuuma. Hali hiyo huchukua kama wiki moja, na asipopandwa hurudi baada ya wiki 2 au 3. Kwenye nchi za baridi siku zikiwa fupi paka hupumzika, ila huku karibu na ikweta jua halitupi likizo hiyo. Tendo lenyewe ni la sekunde chache, na ndilo linalochochea mayai kushuka. Ukienda kuoga tu, umechelewa.

Kutenga ni kununua muda wa kufika kwa daktari wa mifugo. Muulize kama anawafanyia upasuaji wa kuzuia uzazi paka wa miezi 4, maana wengine wamezoea kusubiri 6. Pesa ikitosha mmoja, ningeanza na jike: ukimhasi kaka yake, wa jirani bado wapo. Dume aliyehasiwa naye hubaki na mbegu wiki kadhaa, kwa hiyo usiwachanganye siku hiyohiyo. Sindano na vidonge vya kuzuia joto sivigusi. Vinaweza kuleta usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti. Na hilo la "mwache azae kwanza mara moja" halina faida yoyote kwake.

Kama ameshapandwa, mpeleke hivyohivyo. Mimba ni siku 63 hadi 65, na mwanzoni daktari bado anaweza kumtoa kizazi.