Maswali ya Wasomaji: Upepo Mkali Ukivuma Pwani

SWALI: Mhariri, salamu. Nyumba yetu iko karibu na ufuko. Kila utabiri unapotaja upepo mkali, wazee huagiza tufungue dirisha moja upande usiopigwa na upepo, ili nguvu ya ndani na ya nje zilingane na paa lisiezuliwe. Mimi nami hubandika utepe wa gundi kwenye vioo. Je, tunafanya sawasawa?

JIBU: Ushauri wa dirisha umeenea mno, na kwa heshima zote kwa wazee, ni wa kuachwa. Upepo unapopita juu ya nyumba hulivuta paa kwenda juu. Ukipata upenyo wa kuingia ndani, hulisukuma pia kutokea chini, na nguvu hizo mbili zikiungana ndizo zinazong'oa misumari na kubeba kenchi. Fungeni kila dirisha na kila mlango, ikiwemo milango ya vyumbani, maana dirisha la chumba kimoja likivunjika, mlango wake uliofungwa huzuia upepo usienee chini ya paa zima.

Utepe nao haukiongezei kioo nguvu, na huenda ukakifanya kidondoke kwa mapande makubwa yanayokata vibaya zaidi. Kinachofaa ni vifuniko vya plaiwudi nene, yapata milimita 16, vilivyokatwa mapema kwa kipimo cha kila dirisha, vikatobolewa matundu ya skrubu na kuandikwa nyuma jina la dirisha lake, kwa sababu anayeanza kupima mbao juu ya ngazi wakati upepo umekwisha kuanza amejiweka katika hatari nyingine.

Linalopuuzwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni vitu vya uani. Katika mizani ya Beaufort, ya kupima nguvu za upepo kwa viwango, iliyoasisiwa mwaka 1805, upepo wa kiwango cha 8 huanzia kilomita 62 kwa saa: huvunja vitawi vya miti na kumfanya mtu atembee kwa shida. Kiwango cha 12 huanzia takriban kilomita 118, na wengi hudhani hiyo ni nguvu maradufu. Sivyo, kwani kasi ya upepo ikizidi mara mbili, msukumo wake huzidi karibu mara nne. Kiti cha plastiki, ndoo au kipande cha bati kilicholala uani huweza kuwa ndicho kitakachovunja dirisha mlilolifunga kwa uangalifu, kwa hiyo viingizeni ndani kabla ya upepo kuanza.

Wakati wa upepo wenyewe, kaeni katika chumba cha katikati kisicho na madirisha. Hata hivyo, chumba hicho kinafaa pale tu ambapo bahari haiwezi kufika. Ikiwa mnaishi bondeni na mmeamriwa kuhama, ondokeni upepo ungali mdogo, kwani katika vimbunga vya pwani maji yanayosukumwa nchi kavu yameua watu wengi mno.

SWALI: Nina mashua. Je, nilale humo dhoruba inapokuja ili niilinde?

JIBU: Hapana. Ongeza kamba, zifunge pande zote, na uzizungushie kitambaa kizito pale zinaposuguana na ukingo. Ziachie ulegevu wa kutosha, kwa sababu bahari itapanda: mgandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari 1, maji huinuka kwa sentimita 1 hivi, na upepo huongeza mengi zaidi juu ya hapo. Kamba iliyokazwa kabisa huweza kukatika au kuizamisha mashua maji yanapopanda. Ukimaliza, shuka uende nchi kavu.

SWALI: Upepo ukitulia ghafla, tunaweza kutoka?

JIBU: Subirini taarifa ya mamlaka ya hali ya hewa. Huenda mko ndani ya jicho la kimbunga, yaani sehemu yake ya katikati, ambamo anga hutulia kwa dakika chache au hata saa nzima, kisha upepo hurejea kwa ukali ukitokea upande wa pili, na kukuta miti na kuta zilizokwisha kulegea. Mtakaporuhusiwa kutoka, kaeni angalau mita 10 kutoka kwenye waya wowote wa umeme ulioanguka, hata kama mtaa mzima uko gizani, na jenereta iwashwe nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini.