Mwanangu, kuhusu ile pasi ya jogoo

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, goti la mama yako limetulia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, kwa sababu mara mbili za mwanzo nilisikia makonda wa daladala kuliko wewe. Nakujibu kwa kalamu. Mtoto wa shangazi yako atazipiga picha karatasi hizi akutumie. Ndivyo tulivyokubaliana, mimi niandike yeye arushe.

Umeuliza kama unaweza kuichukua ile pasi ya mkaa, uipake rangi ya dhahabu, upande ua ndani yake, uiweke sebuleni kando ya televisheni. Ukasema rafiki zako wawili wanazo na zinapendeza. Ukasema, "Si huitumii tena, Baba." Halafu mwishoni, kama jambo dogo, ukagusia kwamba kanzu ya mumeo imekushinda, ukiinyoosha huku inajikunja kule.

Naanza na hilo la kutoitumia. Naitumia. Ijumaa iliyopita nimenyooshea kanzu, na Ijumaa ya kabla yake. Nakaa nayo barazani, maana mama yako alipiga marufuku makaa ndani tangu siku ile ya mvua tulipofunga madirisha, akaumwa kichwa mpaka akatapika, na mimi kwa ukaidi wangu nikasema ni malaria. Haikuwa malaria, ilikuwa hewa ya mkaa. Hilo alishinda.

Kazi yenyewe unaijua, umekulia chini ya ile meza yenye blanketi. Makaa yanawashwa kwanza jikoni mpaka yawe mekundu na yaache kurusha cheche, ndipo unamfungua jogoo, lile komeo la kifuniko, unayapanga, unamfunga. Unaibembesha pasi mbele na nyuma upepo uingie kwenye matundu. Unaipitisha juu ya jani bichi la mgomba, masizi yanabaki kwenye jani na kitako kinateleza. Halafu tone la maji: likitulia na kuchemka, ngoja kidogo, likiruka na kukimbia, anza. Babu yako hakuhitaji tone. Aliisogeza pasi karibu na shavu, basi, na sikumwona akikosea. Mimi nilijaribu siku moja tu, na alama yake ilinikaa shavuni mwezi mzima.

Pasi ni mkono, si moto. Najua unacheka. Wewe na kaka yako mlikuwa mkiniigiza mkidhani nimelala, yeye akifanya sauti nzito na wewe ukipuliza maji kwa mdomo. Nilikuwa nasikia.

Ile ya umeme uliyoninunulia ipo, anaitumia mama yako na anaisifu kila akiiwasha, tena kwa sauti ya kutosha kunifikia barazani. Mimi naiona nyepesi. Inapita juu ya nguo kama mtu anayepita njia akisalimia bila kusimama. Kanzu ya pamba iliyotiwa kanji inataka uzito. Sasa mtu ataniuliza: kama ni uzito, mbona kila siku unatuambia ni mkono? Hilo nimejiuliza mwenyewe usiku. Nikajijibu kwamba mkono ndio unaojua wapi uuache uzito ufanye kazi na wapi uunyanyue. Jibu hilo halijaniridhisha sana, lakini ndilo nililo nalo.

Zamani nilikuwa na hoja nyingine nzuri zaidi, ya mgao. Unakumbuka mwisho wa 2023, umeme ulivyokuwa unakatika, na harusi ya binti ya shangazi yako ikaangukia katikati? Siku ile nilikuwa mfalme. Barazani kwangu palijaa makanzu, suti, mabaibui na hata kitambaa cha meza ya maharusi. Waliokuwa wakinicheka mtaa mzima walipanga foleni na hanga zao mikononi, na mimi nikawa naringa, namwambia huyu weka pale, yule ngoja. Nilinyoosha mpaka saa nane usiku. Mama yako mwenyewe aliniletea dera lake, akaliweka mezani bila kunitazama usoni. Basi Februari 2024 Bwawa la Nyerere likawasha mtambo wake wa kwanza, wakasema mitambo yote ikikamilika itakuwa megawati 2,115, na hoja yangu ikaanza kufa. Nafurahi kwa nchi. Lakini ilikuwa hoja nzuri.

Na huko nyuma sikusema yote. Nitakwambia sasa, kwa kuwa ni wewe unayeitaka hiyo pasi.

Kuna kovu kwenye kitako chake, karibu na ncha, upande wa kulia. Ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza ni nini, nikakwambia imetoka nayo kiwandani. Haikutoka nayo kiwandani.

Ilikuwa 1983, nina miaka kumi na saba. Hali ya mwaka ule mmeisoma shuleni mistari miwili, mitatu. Sabuni ilikuwa ya foleni, kipande kinagawanywa kwa uzi. Babu yako dobi, kazi yake yote ni sabuni, tukawa tunafulia magadi na majani ya mpapai, na mikono inachubuka. Nguo ndiyo usiseme. Marehemu Sokoine alikuwa ameanzisha msako wa wahujumu uchumi, na watu waliokuwa na bidhaa nyumbani walizitupa porini usiku kwa hofu. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977. Kwa hiyo shati jipya la dukani halikuwapo. Ukiliona shati jipya mwilini mwa mtu ujue limetembea usiku, limepita njia za panya za Horohoro, na aliyelivaa haulizwi.

Basi kulikuwa na bwana mmoja, karani bandarini, mpole, mteja wetu wa miaka. Akaja na shati la tetroni, rangi ya maziwa, kola ndefu, limetoka Mombasa. Alikuwa anakwenda kuposa Jumamosi. Hakusema limetoka wapi, sisi hatukuuliza. Alilitoa ndani ya gazeti kama anatoa yai.

Babu yako alikuwa ametoka. Mimi nilikuwa na makanzu mawili ya pamba yenye kanji, pasi imekolea barabara, na redio inatangaza mpira, Coastal wako uwanjani. Nikamaliza kanzu la pili nikalivuta lile shati. Sikuweka kitambaa kibichi juu, sikungoja pasi ipoe, tone la maji wala sikulikumbuka. Pamba ingevumilia moto ule. Tetroni, mwanangu, si uzi wa shambani, ni kitu kinachoyeyuka. Pasi ilipogusa mgongo wa shati haikuteleza. Ilikamata. Nikaivuta, ikaja na shati. Mtangazaji anapiga kelele, ile harufu inapanda, na mimi nimesimama na pasi mkononi shati likining'inia chini yake kama ngozi ya maziwa kwenye kijiko.

Babu yako aliporudi hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alikwangua kitako kwa mche wa mshumaa na chumvi mpaka kikabaki hicho unachokiona, halafu akaniambia, "Chukua, mpelekee mwenyewe." Akaongeza juu yake shati lake yeye, la pamba, kitambaa cha kiwanda cha Urafiki, jipya kabisa la Idd.

Nikaenda. Yule bwana alilifungua gazeti mlangoni kwake. Akatazama. Kelele hakuweza kupiga, maana angelalamika kwa nani? Kwa balozi wa nyumba kumi, kwamba shati langu la magendo limeungua? Lakini sidhani kama ni hilo lililomnyamazisha. Alilikunja tena, taratibu, pande zote nne, kana kwamba bado lina kesho. La babu yako akalikataa, akanirudishia. Halafu akaingiza mkono mfukoni akanilipa ujira wa kunyoosha. Wote, bila kupunguza senti.

Nilirudi na zile pesa ngumini. Mpaka leo nikizikumbuka zinaniwasha kiganja.

Kuposa alikwenda, tulisikia amekubaliwa, sijui alivaa nini. Na aliendelea kutuletea nguo, hiyo ndiyo iliyoniua. Kila Jumatatu, kwa karibu miaka miwili mpaka alipohamishwa, anaweka furushi mezani, ananitazama, anasema kwa upole, "Pamba hii, kijana." Hayo tu. Sijui kama alikuwa ananisamehe au ananikumbusha. Nimelipindua hilo miaka arobaini. Mama yako anasema alikuwa anakusaidia tu, mwanaume wewe, ili usiunguze tena. Huenda. Mama yako hakuwapo mlangoni.

Na hapa ndipo najishtaki mwenyewe. Ile pasi yako ya umeme ina kigurudumu: naironi, hariri, sufu, pamba. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukizungusha. Laiti kingekuwapo siku ile, shati lingepona hata Coastal wangefunga mabao kumi. Kwa hiyo anayesema ya zamani ilikuwa bora, amuulize yule karani. Lakini basi, zile za vigurudumu hazimfundishi mtu kitu: unazungusha, unapita, unakwenda zako. Mimi tangu siku ile nguo yoyote nikiishika naisugua kwanza kwa vidole viwili, hata shati la mtu nililoombwa kushika tu kwenye basi. Mama yako anasema huo ni ugonjwa. Mimi nasema ndio huo mkono ninaousema. Pasi ni mkono. Nami siku ile moto niliujua vizuri, ulipotea mkono.

Sasa swali lako. Nimekaa na biro hapa muda mrefu. Ukitaka ukweli, niliposikia "rangi ya dhahabu" nilikasirika, nikamwambia mama yako watoto wa siku hizi watapaka dhahabu hata kaburi. Ilipofika magharibi nikaigeuza ile pasi nikatazama kitako chake, nikawaza kwamba ikipakwa, kovu litafunikwa. Nusu yangu ikasema afadhali. Nusu nyingine ikasema kovu likifunikwa ni nani atakayejua kwamba bwana yule alilipa? Na ua nalo, litamwagiwa maji kila siku, chuma kitaoza kwa ndani. Hilo si jibu, nakueleza tu tabia ya chuma.

Mama yako anasoma begani mwangu, anasema niandike ndiyo au hapana, nisizunguke. Nilishaandika moja kati ya hizo hapo juu nikaifuta, utaona wino ulivyopakaa. Haitakusaidia kuisoma.

Mwezi wa sita shule zikifungwa uje na mtoto, mkae hata wiki. Ukipita sokoni nichukulie kopo moja la makaa, chagua mazito. Jani la mgomba nitaomba kwa jirani. Njoo na ile kanzu ya mumeo iliyokushinda tuiangalie pamoja. Ila kabla hujaifunga kwenye begi, tazama kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya shingo, uniandikie kama ni pamba.

Baba yako