Tangu daku hadi magharibi hakuigusa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama dini humzuia kijana kuvuta sigara. Nitajibu kwa yaliyotokea nyumbani kwetu Pumwani, Nairobi. Mimi nafundisha madrasa, na mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 16, alikuwa akivuta huku akihifadhi Kurani vizuri kuliko wenzake wote.

Aya alikuwa anaijua: "wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo", Al-Baqara 195. Akimumunya peremende ndipo aingie darasani. Mimi nikamtisha kwa moto wa Jahannamu, naye akazidisha peremende. Yaani nilimfundisha kujificha, basi.

Ramadhani iliyopita, adhana ya magharibi ilipolia, alitia tende moja mdomoni akatoka. Nikamfuata hadi kioskini. Pale dirishani kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi, kila mtu anajiwashia. Sigara zinauzwa moja moja, na sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 imekataza hilo, kama ilivyokataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Muuzaji tunaswali naye safu moja. Hapo niliumia kuliko nilivyoumia kwa ule moshi.

"Mjomba, lakini nimefunga," akaniambia.

Na kweli alikuwa amefunga. Nikamwuliza mchana aliupitishaje. "Saa nne kichwa kiliuma, nikawa na hasira na kila mtu. Halafu ikapita."

Ikapita! Zaidi ya saa 13 bila moshi, kwa nia aliyoitia usiku, bila mtu kumlinda. Nguvu hiyo dini ilikuwa imempa tayari, na mimi ustadhi wake sikuiona kwa sababu nilikuwa nakemea.

Nikamwomba aniongezee mpaka swala ya isha tu. Baada ya siku chache, mpaka tarawehe, swala ya usiku wa Ramadhani, iishe. Tukawa tunafuturu pamoja, tunakwenda msikitini pamoja, tunarudi polepole tukiongea habari za mpira. Jahannamu sikuitaja tena. Mama yake sikumwambia, na najua wapo watakaonilaumu kwa hilo. Ila nilijua akishachapwa, atarudi kwenye peremende.

Wazazi na makasisi wa upande wa pili nao wana mifungo yao. Wajaribu kumwuliza kijana mchana wake ulikuwaje.

Wetu hajaacha kabisa. Juzi aliteleza, akaja kuniambia mwenyewe kabla sijainusa nguo yake.