Hiyo sauti ni ya mkalimani, si tapeli

Dada wa Houston, usikate simu. Unauliza kwa nini mdogo wako kiziwi aliyeko Ohio akikupigia anaongea mtu usiyemjua. Huyo ni mkalimani wa huduma ya simu za video kwa viziwi. Mdogo wako anamwona kwenye skrini na kumwambia kwa lugha ya alama ya Marekani, naye anakusomea kwa Kiingereza, halafu maneno yako anayageuza kuwa alama. Kwa hiyo ongea na mdogo wako mwenyewe: "umekula?", si "hebu muulize kama amekula". Hapo ndipo wengi wanapoyaharibu mazungumzo. Na mpe muda kidogo wa kujibu, maana tafsiri inachelewa sekunde chache.

Yeye halipii ukalimani huo hata senti. Sheria ya Marekani ya walemavu ya mwaka 1990 ndiyo iliyoagiza huduma za kuwaunganishia viziwi simu, na pesa hutoka kwenye mfuko unaochangiwa na kampuni za mawasiliano chini ya usimamizi wa FCC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano. Huduma ipo saa 24, na mkalimani haruhusiwi kutoa wala kuhifadhi mliyozungumza. Mambo ya kifamilia semeni tu.

Ukitaka kumpigia wewe, piga namba yake ya tarakimu 10 kama ya mtu yeyote, mkalimani ataingia.

Ila huduma hii haitumiki mkiwa chumba kimoja. Akienda kwa daktari, hospitali ndiyo inayopaswa kumtafutia mkalimani, na kwa gharama yake. Wasimwambie aje na ndugu.