Pilau ya Idd, presha kuka, na bokoboko lisilo na ngano

Juzi usiku nimepokea ujumbe: "Dada, wewe ndiye uliyetusifia presha kuka. Nimepika wali wa nazi umetoka uji. Watoto wameomba sukari." Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Halafu nikanyamaza, maana nilikumbuka kwamba picha ya pilau niliyowawekea hapa nilipokisifia chombo hicho ilikuwa ya mara ya tisa au ya kumi kupika. Ya mara ya kwanza sikuiweka. Hiyo iliwekwa na mtu mwingine, kwenye kundi la WhatsApp la ukweni, na nitafika huko.

Mimi ni binti wa Marangu, kule Uchagani, niliyeolewa Tanga. Anayejua ameshaelewa tatizo liko wapi. Nimekuzwa kwa mtori na kiburu. Nipe mkungu wa ndizi na nyama yenye mafuta, sikuaibishi. Lakini pilau kwetu ilikuwa chakula cha Krismasi: shangazi mmoja anapika nje kwenye sufuria kubwa, sisi wengine kazi yetu ni kuitwa kula. Ukweni pilau ni usaili wa kazi, na matokeo yanatangazwa hadharani.

Basi Idd el-Fitr ya 2025 mama mkwe akasema anakuja Dar kula sikukuu kwetu, na mawifi zangu wawili. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimenunua presha kuka ya umeme Kariakoo, ya lita sita, shilingi 160,000 baada ya kuvutana bei na yule kijana mpaka akaniita mama yake mzazi. Mume wangu hakuitaka. "Umeme wenyewe huu?" Bado alikuwa na machungu ya mgao wa mwishoni mwa 2023, feni imesimama na mbu wanafanya mkutano. Nikamwambia Bwawa la Nyerere ni la megawati 2,115 na limeshaanza kuzalisha, kwa hiyo sufuria yangu moja haitazima nchi. Nilijiona mjanja sana siku hiyo.

Sasa sikilizeni. Mpaka asubuhi ya Idd nilikuwa sijawahi kupika hata punje ya wali ndani ya kile chombo. Nilishachemsha maharage mara mbili na makongoro mara moja, yakalainika vizuri, nikadhani tumeshazoeana.

Na badala ya kumuuliza mtu, niliuliza akili mnemba kwenye simu. Nikaandika: nipe namna ya kupika pilau ya nyama kwa vikombe vinne vya mchele. Ikanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha mtangazaji wa taarifa ya habari: maji vikombe nane, bizari vijiko viwili. Haikusita hata kidogo. Ila mtu wa Pwani anajua kwamba neno bizari lina mtego ndani yake. Kuna bizari nyembamba, ile ya pilau, ambayo Zanzibar wanaiita uzile. Na kuna bizari ya manjano, ya mchuzi. Kabatini kwangu kulikuwa na kopo moja tu lenye neno BIZARI, nami nikachota vijiko viwili vya mlima.

Pilau ya Waswahili ni ya kahawia, na rangi yake kubwa inatoka kwenye kitunguu. Unakikaanga kwa subira mpaka unakaribia kusema kimeungua, na hakijaungua. Ndipo kitunguu saumu na tangawizi vinafuata, halafu bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Bizari ikigusa yale mafuta harufu ya nyumba nzima inabadilika. Ukiisikia wewe, na jirani ameshaisikia. Yangu ilikuwa ya njano kama jezi ya Yanga.

Lakini rangi ingesameheka. Maji ndiyo yaliyoniua. Kwenye sufuria ya kawaida mvuke unapenya pembeni ya mfuniko, kwa hiyo sehemu ya maji unayotia inapotelea hewani. Presha kuka mfuniko wake unajifunga na mpira, mvuke hauna pa kutokea, maji yanapita nyuzi 100 na kwenda mpaka 115 hivi, na kila tone linaishia kwenye mchele. Mimi nilitia vikombe nane kama nilivyoagizwa, halafu juu yake nikamimina supu ya nyama, kwa sababu nani anamwaga supu? Na mchele wenyewe ulikuwa wa Kyela, mpya, umetoka shamba juzi, ambao hauhitaji maji mengi.

Nikafungua. Mvuke ulipoondoka usoni nikaona kitu kinapumua. Kinavimba taratibu, kinapasuka, pwu, kinavimba tena. Nyama yote ilikuwa imezama. Kijiti kimoja cha mdalasini kilibaki kimesimama katikati kama mlingoti wa jahazi lililokwenda chini. Nikakimwaga kile kitu kwenye sinia kubwa, nikakipeleka chumbani, nikakiwashia feni. Ndiyo, feni. Mtu aliye kwenye shida hana aibu.

Mama mkwe akatoa bismillahi, akala tonge la kwanza. Akatafuna, ingawa hapakuwa na cha kutafuna. Akaniangalia kwa upole wote wa Kitanga, akasema: "Mwanangu, bokoboko lako zuri. Ngano tu ndiyo umesahau."

Kwa wale wa bara: bokoboko ni ngano na nyama, vinapikwa na kupondwa mpaka vinakuwa kitu kimoja laini, ndugu wa harisa ya Waarabu, na Pwani ni chakula cha heshima. Kwa hiyo kwa maneno nilisifiwa. Nyumba nzima ilicheka, mume wangu akiwemo, akijifanya anakohoa. Wifi mdogo alicheka simu ikiwa mkononi. Kabla ya alasiri picha ilikuwa kwenye kundi la familia na maneno "Pilau ya umeme". Vikatuni vya kucheka vilikuwa kumi na saba, nilihesabu. Kuna mjomba aliyeko Muscat ambaye tangu niolewe hajawahi kujibu salamu yangu kwenye lile kundi. Siku hiyo alijitokeza, akatuma ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na mbili, na zote zilikuwa kicheko.

Wifi, najua huwa unapita hapa kusoma. Sijasahau.

Miezi iliyofuata siielezi. Nilipika wali, ukaharibika, tukaula. Nikapika tena.

Sasa wewe uliyeniandikia, dawa yako ni moja: punguza maji. Kikombe cha mchele kwa kikombe cha maji, basi. Na uelewe kwamba supu ni maji. Nyanya ni maji. Tui ni maji. Mchele uliouosha usipouchuja, yale yanayobaki pale chini ni maji pia. Mchele ukiwa mpya, punguza tena kidogo. Wali wa nazi upike kwa tui jepesi, lile zito ulitie ukishafungua, uchanganye polepole na kufunika. Dakika tano za presha zinatosha, kisha uache chombo kipumue chenyewe dakika kumi, usikimbilie kufungua kile kidude cha mvuke kama mtu aliyechelewa daladala. Nikisema punguza maji namaanisha punguza maji.

La pili, chombo kipya usikizindue mbele ya wageni. Mazoezi fanya na watu wasio na kundi la WhatsApp.

Na la tatu ndilo linaloniuma, naomba mnivumilie. Ile akili mnemba haikunidanganya kwa ubaya. Tatizo ni kwamba haikuniuliza kitu. Haikuuliza sufuria gani, wala mchele wa wapi, mpya au wa mwaka jana. Nyumba ya pili kutoka kwangu kuna mama wa Kipemba aliyepika pilau za arusi tangu mimi niko shule ya msingi. Huyo angeniuliza yote hayo kabla sijamaliza sentensi, na angesema "bizari ipi, mwanangu?" Tunapakana ukuta na tulikuwa tunasalimiana kwa kupungiana mikono tu. Wanawake wenzangu, tumekuwaje? Mtu una mwalimu hatua ishirini kutoka mlangoni, unamwonea haya, unakwenda kuuliza kioo. Simu niulize ratiba ya mwendokasi, sikatai. Mchele nimeanza kumuuliza mtu aliyewahi kuunguza.

Presha kuka yenyewe sijaiacha, msinielewe vibaya. Nimewahi kusoma mita ya umeme, ile ya LUKU, kabla na baada ya kupika maharage nusu kilo: nusu yuniti. Kwetu elfu kumi ni yuniti 28 hivi, ukiacha ile ya kwanza ya mwezi ambapo kodi ya jengo ya 1,500 inakatwa kwanza. Kwa hiyo sufuria ya maharage haifiki shilingi 200, na hakuna wa kukaa anapepea mkaa saa mbili na nusu. Serikali ina mkakati wake wa nishati safi, inataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa wa kupikia ifikapo 2034. Vizuri sana, ila wangetubandikia na karatasi ya vipimo vya maji.

Ah, na mpira wa mfuniko: nunua wa pili. Unashika harufu. Chai yangu ya maziwa ilinukia karafuu wiki nzima, wageni wakasifu, nikakaa kimya.

Jumapili iliyopita mama mkwe alikuwa kwetu tena. Nilipika vikombe vinne, maji na supu kwa pamoja vikombe vinne, bizari nyembamba aliyonichagulia yule mama wa Kipemba kwa kuinusa. Ikatoka ya kahawia, punje moja moja. Mama alikula kimya mpaka nusu ya sahani ndipo akauliza, "Ukoko uko wapi?" Presha kuka haitoi ukoko wa maana. Nikasema watoto wameumaliza. Akageuka akalitazama jiko la mkaa pale barazani, lenye utando wa buibui, akanitazama na mimi. Kisha akavuta sinia karibu, akajipakulia tena.

Wifi naye alikuwepo. Siku hiyo hakupiga picha.