Kabla hujabeba vifaa kwenda Sabaki

Maji ya Mto Nairobi yanayopita nyuma ya soko la Gikomba hayaishii Ruai. Yanaingia Athi, yanaporomoka Fourteen Falls, yanaambaa na uwanda wa Yatta, yakikutana na Tsavo mto unaitwa Galana, na karibu na bahari unakuwa Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi. Ndiyo maana mgeni wa kazi hii ya kupima maji aliyezoea mito ya bara, akitumwa mlangoni, pale mto unapoingia baharini, hudhani anakwenda kuupima mto ule ule. Makosa mengi huanzia hapo.

Huku juu, kipimo cha asubuhi kinaweza kukusemea siku nzima isipokuwa mvua imenyesha. Mlangoni hakikusemei hata saa mbili. Bahari hujaa na kupwa mara mbili ndani ya saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo kila siku saa ya maji husogea mbele kwa karibu saa nzima. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapo Mombasa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, huweza kushuka hadi mita moja na kitu. Nambari yoyote utakayoleta ofisini bila saa ya maji pembeni yake ni ya kutupwa, hata kama kifaa kiligharimu mamilioni.

Tuanze na kazi ya mezani, maana wengi wenu mtaanza na picha za setilaiti kabla ya kuiona Malindi. Pwani yetu ina mpangilio wake. Siku za bamvua bahari hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne unakuta maji yako juu. Sasa, setilaiti za Landsat na Sentinel-2 hupita juu ya Kenya kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Picha ya siku ya bamvua karibu kila mara itakuonyesha ufuo ulioanikwa, na picha ya wiki inayofuata itakuonyesha ufuo umemezwa. Kujaa kwa bamvua hutakuona kabisa, hata ukusanye picha za miaka 20.

Kwenye ufuo bapa hili si jambo dogo. Mteremko ukiwa mita 1 kwa kila mita 50, maji yakipanda mita moja mstari wa maji unarudi nyuma mita 50, yaani vitone (pikseli) vitano vya mita 10 vya picha ya Sentinel-2. Mtu anachora mistari miwili, anaandika kwamba ardhi imeliwa, kumbe amepima bamvua na maji mafu. Chagua picha ambazo kimo cha maji, kwa jedwali la kujaa na kupwa la Kilindini, bandari ya Mombasa, hakitofautiani zaidi ya sentimita 30, na za msimu mmoja. Njia nyingine, ambayo sisi tunaipenda zaidi, ni kuacha kabisa mstari wa maji na kufuata ukingo wa mimea juu ya matuta ya mchanga. Na angalia saa: picha zimeandikwa kwa saa za Greenwich, jedwali ni la saa za Afrika Mashariki, na mvuvi wa Mambrui atakutajia saa ya Kiswahili. Badilisha zote ziwe mfumo mmoja kabla ya kufungua kikokotoo.

Msimu nao una neno lake. Wakati wa kaskazi, tope la Sabaki husukumwa kusini kuelekea Malindi na matumbawe ya hifadhi ya bahari. Kusi ikivuma, linakwenda kaskazini kuelekea Ghuba ya Ungwana. Usilinganishe Januari na Julai ukasema uchafuzi umepungua. Wala usishangae mto ukifurika Malindi jua likiwa kali: mvua imenyesha Machakos au Kitui siku kadhaa nyuma.

Ukifika, tafuta mwenye mashua anayeujua mlango ulivyo wiki hiyo, kwa kuwa fungu la mchanga huhama. Kazi kamili ni saa 13 mfululizo mahali pamoja, ili upate kujaa na kupwa kuzima. Kila nusu saa pima juu, katikati na karibu na chini: chumvi, joto, kasi na mwelekeo wa mkondo. Ile kanuni ya mtoni ya kupima kasi mara moja kwenye sehemu ya sita kati ya kumi ya kina haifai hapa. Maji ya bahari ni mazito zaidi, huingia kwa chini huku ya mto yakitoka juu, na kipimo kimoja cha katikati kinaweza kukuambia maji yamesimama. Kumbuka pia kwamba maji halisi yanayobaki baharini ni tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa, ya kuingia na ya kutoka. Ukikosa saa moja tu, jibu linaweza hata kubadilisha alama, chanya ikawa hasi.

Kipima chumvi, ambacho hupima maji yanavyopitisha umeme, kisawazishwe kwa myeyusho wa mikrosimensi 1,413 kwa sentimita na mwingine wa milisimensi 12.88. Anayetumia wa kwanza peke yake, kwa sababu ndio ulioko kabatini, atapata mto sawasawa, lakini bahari ovyo. Maji ya bahari hufika milisimensi 53 kwa nyuzi 25.

Tope ndilo linalotuchosha zaidi. Ukichuja maji ya chumvi na kukausha karatasi kwa nyuzi 105, chumvi nayo inakauka na kupimwa kama tope. Nusu mililita ya maji ya bahari iliyonaswa kwenye karatasi huacha miligramu 17 za chumvi, na sampuli yako nzima huenda ina miligramu 40. Suuza karatasi mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa (distilled), pamoja na ukingo wake uliobanwa na faneli, maana hapo ndipo chumvi hujificha.

Kuhusu sababu za mabadiliko, nenda polepole. Sabaki na Tana hazina ugonjwa mmoja. Sabaki imelemewa na udongo wa mashamba ya juu. Tana ina mabwawa, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988 yakiwemo, yanayonasa tope na kutuliza mafuriko. Kule Ozi, kwenye delta ya Tana, wakulima wa mpunga hutegemea bahari ikijaa iwainulie maji matamu hadi shambani. Mto ukipungua, kinachoinuliwa ni maji ya chumvi. Waulize wao ni mwezi gani walianza kuyaonja, kisha ulinganishe na rekodi za kina cha mto.

Sabaki ina viboko na mamba, kwa hiyo chupa zijazwe ukiwa ndani ya mashua. Chuja Malindi jioni hiyo hiyo. Tope lililosafiri kwa basi hadi Nairobi hufika limegandamana vipande, na ukubwa wa chembe utakaoupima utakuwa umezaliwa safarini.