Mpigaji anapomzuia mdakaji bila kukusudia

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo mjini Tabora. Katika mechi ya besiboli niliyoichezesha hivi karibuni, mkimbiaji wa kituo cha kwanza alichomoka kuelekea kituo cha pili. Mpigaji, aliyekuwa amelikosa pigo lake la kwanza, alipepesuka hadi mbele ya mdakaji (mchezaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ili kuudaka mpira), naye mdakaji akalazimika kurusha kituo cha pili kwa kumkwepa, mpira ukaenda kombo. Kwa kuwa kijana hakukusudia, niliacha mchezo uendelee, na kocha wa wageni hakuridhika hata kidogo. Je, nilikosea?

JIBU: Ndiyo, Mwalimu, ulikosea. Kanuni ya kumzuia mdakaji haiulizi nia ya mpigaji. Inauliza kama alitoka katika kisanduku chake, yaani eneo lililochorwa chini anamosimama kupiga, au alifanya mwendo mwingine wowote, akamkwamisha mdakaji anayecheza mpira. Ulipaswa kumtoa mpigaji, yaani kutangaza kwamba zamu yake imekwisha, na kumrudisha mkimbiaji kituo cha kwanza. Lau lingekuwa pigo la tatu kukoswa, mpigaji angekuwa ametoka kwa pigo hilo, na ungeweza kumtoa mkimbiaji pia.

Hata hivyo, usiharakishe kusimamisha mchezo. Onyesha kwamba umeuona uzuiaji, kisha ufuate mpira kwa macho, kwa sababu mdakaji akifaulu kumtoa mkimbiaji kwa mrusho ule ule wa kwanza, tokeo hilo husimama na mpigaji haadhibiwi. Subira hiyo ya sekunde mbili tatu ndiyo ngumu kuliko yote kwa mwamuzi mgeni, na ninakusihi uifanyie mazoezi.

Mpigaji aliyebaki ndani ya kisanduku bila kujongea halazimiki kuyeyuka ili kumpisha mdakaji. Lakini kisanduku si kinga kwa anayeinama au kuinua gongo kumziba mdakaji. Gongo likizunguka hadi nyuma baada ya kukosa mpira na kumgusa mdakaji kwa bahati mbaya, hilo ni pigo lililokoswa tu: mpira unakufa, yaani mchezo unasimama, na wakimbiaji wanarudi.

Wanaodai kwamba lazima kuwe na kusudi hupenda kutaja mechi ya tatu ya fainali ya Marekani ya mwaka 1975, ambapo Ed Armbrister wa Cincinnati aligongana na Carlton Fisk, mdakaji wa Boston, naye mwamuzi Larry Barnett hakutoa adhabu. Mfano huo haukuhusu wewe: Armbrister alikwisha kuugusa mpira kwa gongo na alikuwa anaanza kukimbia, ilhali kijana wako alikuwa bado mpigaji.

Jambo moja la uwanjani, kwa kuwa viwanja vyetu vingi ni vya vumbi. Kisanduku kina upana wa takriban mita 1.2 na urefu wa mita 1.8, na mistari yake hufutwa na viatu mapema sana. Ichore upya kwa chokaa kila timu zinapobadilishana zamu, ili mguu uliovuka uonekane na kila mtu, kocha wa wageni akiwemo.